Nepi za nyumba namba 40: uchambuzi wa kisa cha kisima cha Broad Street, 1854

Katika daftari la vifo la Soho, katikati ya London, kuna mstari mmoja ulioandikwa Septemba 1854. Unasema kwamba tarehe 2 mwezi huo, katika nyumba namba 40 ya Broad Street, alifariki mtoto wa kike wa miezi mitano, na kilichomuua ni kuishiwa nguvu baada ya kuhara kulikoanza siku nne kabla. Karani aliyeuandika hakuwa na sababu ya kuutilia maanani. Wiki hiyohiyo watu wazima wenye afya zao walikuwa wanaamka salama na kufikia usiku wamekufa kwa kipindupindu, na kuhara kwa kichanga lilikuwa jambo la kila siku. Mstari ukapita. Ilipita zaidi ya nusu mwaka ndipo mtu akausoma tena na kushtuka.

Kisa hiki, cha mlipuko wa kipindupindu uliosambazwa na maji ya kisima cha Broad Street, hufundishwa sana katika vyuo vya afya, na karibu kila mara kinaanza na daktari, kinapitia kwenye ramani yake ya vifo na kuishia kwenye mpini wa pampu ulioondolewa. Nina ugomvi kidogo na masimulizi hayo. Msikilizaji anatoka akiamini kwamba palikuwa na pampu moja mbovu, ikafungwa, mambo yakaisha. Ukiyafuata matukio yenyewe hatua kwa hatua, unakuta kwamba kilichoamua nani afe na nani abaki ni mambo ya ndani ya nyumba: nani hutumwa maji, nani anapenda maji ya wapi, nani hanywi maji kabisa, na mama wa nyumba fulani alimwaga wapi maji ya ndoo yake.

Maji yenye sifa nzuri

Soho ya wakati ule ilikuwa imejaa wapangaji. Jengo moja liligawanywa chumba kwa chumba, familia nzima ikiishi katika chumba kimoja, na chini ya majengo au mbele yake kulikuwa na mashimo ya kupokea maji machafu na kinyesi. Maji ya kampuni yalifika katika baadhi ya nyumba kwa mabomba, lakini watu wengi waliyategemea maji ya visima vya mtaani vyenye pampu za mkono.

Pampu ya Broad Street ilikuwa na jina. Maji yake yalikuwa baridi, maangavu, na watu waliyasifu kwa ladha. Baa zilizokuwa jirani ziliyatumia kuchanganyia pombe kali, mikahawa iliyaweka mezani wakati wa chakula, na maduka madogo yaliyachanganya na unga unaotoa mapovu na kuyauza kama sharubati. Wako waliokuwa na pampu karibu zaidi na mlango wao, wakaipita na kwenda Broad Street. Pampu nyingine isiyo mbali, ya Marlborough Street, ilikuwa na maji machafu kiasi kwamba watu wengi waliikwepa.

Hapo pana jambo la kutafakari. Kisima kilichoonekana kibaya hakikuua watu wengi kwa sababu hakikunywewa. Kilichoua ni kile kilichopendwa. Macho na ulimi ndivyo vipimo vya kwanza ambavyo kila nyumba inavyo, na kwa bakteria wa kipindupindu havifai kitu. Hata John Snow, daktari aliyekishuku kisima hicho kabla ya wengine, alipoyachunguza maji yake Jumapili ya tarehe 3 Septemba, hakuona uchafu wa kutosha kumhukumu mtuhumiwa. Ilibidi aende kuuliza habari za watu.

Wiki moja

Mlipuko ulianza usiku wa kuamkia Ijumaa, tarehe 1 Septemba. Katika hesabu ambayo Snow aliikusanya baadaye, watu walioshikwa na ugonjwa siku hiyo moja na hawakupona walikuwa 143. Kesho yake walikuwa 116. Jumla ya vifo vya mlipuko huo ilifika 616, karibu vyote katika eneo ambalo mtu angeweza kulizunguka kwa miguu kwa dakika chache.

Snow hakuwa daktari wa magonjwa ya mlipuko. Kazi yake iliyompa umaarufu ilikuwa kuwalaza wagonjwa kwa dawa ya usingizi. Mwaka 1853 alimpa Malkia Victoria klorofomu wakati wa kujifungua. Lakini tangu 1849 alikuwa amechapisha hoja kwamba kipindupindu kinamezwa, kinaingia kwa kinywa kupitia maji yaliyochafuliwa na choo cha mgonjwa. Wakuu wa afya wa zama hizo waliamini ugonjwa unatokana na hewa mbaya inayopanda kutoka kwenye uozo. Mtu anaweza kuwacheka leo. Mimi siwacheki: mitaa ilinuka kweli, na waliokufa walikufa katika mitaa inayonuka.

Alichofanya Snow ni kwenda kwenye ofisi ya usajili na kuchukua orodha ya waliokufa katika siku tatu za mwisho za wiki iliyoishia tarehe 2. Walikuwa 83. Kati ya hao, 10 tu walikuwa wamekufa katika nyumba zilizokuwa karibu zaidi na pampu nyingine. Akaenda kwa familia zao. Familia 5 zikamwambia kwamba siku zote walituma maji Broad Street kwa sababu wanayapenda zaidi. Wengine 3 walikuwa watoto waliosoma shule iliyo karibu na pampu ile. Katika vifo 73 vilivyobaki, 61 vilikuwa vya watu waliojulikana kuyanywa maji yale mara kwa mara au siku mojamoja. 6 hawakujulikana kuyanywa, na wengine 6 hapakuwa na wa kumjibu, kwa kuwa wenye nyumba walikuwa wamekufa au wamekimbia.

Takwimu hizo zina uzito wake, lakini tazama zilivyopatikana. Kila namba ilitoka mlangoni mwa nyumba, kwa swali la kawaida sana: hapa mnakunywa maji gani, na nani huyaleta?

Tabia za nyumba kama ushahidi

Sehemu hii ndiyo ninayoiona tajiri kuliko zote, na ndiyo inayopitishwa haraka mno.

Kiwanda cha fataki za bunduki kilichokuwa Broad Street kiliajiri watu wapatao 200. Mle ndani waliwekewa mapipa mawili ya maji ya kunywa, yaliyojazwa kutoka kwenye pampu. Wafanyakazi 18 walikufa. Mtaa uleule kulikuwa na kiwanda cha bia chenye wafanyakazi zaidi ya 70, na hakuna hata mmoja aliyekufa. Mwenye kiwanda alimwambia Snow kwamba watu wake hupewa bia kama sehemu ya stahili yao, na kwa anavyowajua hawanywi maji hata kidogo; tena kiwanda kilikuwa na kisima chake kirefu. Majengo mawili katika mtaa mmoja, hewa moja, harufu moja.

Nyumba ya maskini ya Poland Street ilikuwa na wakazi 535, na pande zake nyingi zilizungukwa na nyumba zilizofiwa. Humo walikufa watu 5 tu. Snow alipiga hesabu kwamba kama wangekufa kwa kiwango cha majirani, wangezidi 100. Nyumba hiyo ilikuwa na kisima chake ndani ya uzio na maji ya kampuni, na haikutuma mtu Broad Street. Maskini wa parokia, watu ambao mtaa mzima ungetarajia wafe kwanza, waliokolewa na mpangilio wa maji wa jengo lao.

Kisha kuna mjane wa Hampstead, eneo lililo mbali na Soho. Alikuwa amehama Soho, na kwa miezi mingi hakuwa amekanyaga huko. Lakini aliyazoea maji ya Broad Street, na kila siku mkokoteni uliotoka mtaa huo ulimpelekea chupa kubwa. Chupa ya Alhamisi tarehe 31 Agosti aliinywa jioni hiyo na Ijumaa. Ijumaa jioni akashikwa, Jumamosi akafa. Mpwa wake aliyekuwa amemtembelea alikunywa pia, akarudi kwake Islington, akafa. Hampstead ile hapakuwa na kipindupindu, wala kule Islington alikoishi mpwa. Hakuna hewa mbaya iliyosafiri ndani ya chupa.

Mwingine alitoka Brighton kuja kumwona ndugu yake mgonjwa, Poland Street. Alimkuta ameshakufa, na maiti hakuiona. Akakaa dakika kama 20, akala chakula cha mchana cha haraka, akashushia na bilauri ndogo ya brandi iliyochanganywa na maji ya pampu ile, akaondoka. Siku ya pili yake akashikwa, na siku iliyofuata akafa. Kwangu mimi habari ya dakika 20 inatisha kuliko ya mjane. Mjane alikuwa na mazoea ya miaka. Huyu alikaribishwa tu kama mgeni anavyokaribishwa.

Na wako walionusurika kwa sababu ya unyonge. Kasisi msaidizi wa parokia, Henry Whitehead, aliyeingia katika nyumba hizo usiku na mchana, aligundua kwamba wazee wasiojiweza waliokuwa wakiishi peke yao mara nyingi hawakuugua. Wenye wajukuu na watoto walitumiwa kikombe cha maji baridi kutoka kwenye pampu. Wasio na mtu wa kumtuma walikunywa chochote kilichokuwapo. Upweke, ambao kwa kawaida humuua mzee, wiki ile ulimwokoa. Ukiandika kwenye fomu ya uchunguzi “umri” na “chanzo cha maji”, hutaliona jambo hili. Lazima uulize nani anachota.

Kasisi aliyekuja kupinga

Whitehead alikuwa kijana wa chini ya miaka 30, na aliwajua watu wa Soho kwa majina. Aliposikia hoja ya Snow hakuiamini. Alikuwa amewaona watu waliokunywa maji ya pampu wakiwa wagonjwa na wakapona. Akaanza kuchunguza ili kuikanusha, na kwa kuwa alikuwa na kitu ambacho Snow hakuwa nacho, yaani kufunguliwa mlango kila mahali, akaweza kuuliza hata waliobaki hai. Snow kwa sehemu kubwa alikuwa amewahesabu waliokufa.

Katika wakazi wa Broad Street aliowafuatilia, 137 walikuwa wamekunywa maji ya pampu, na 80 kati yao waliugua. Wasiokunywa walikuwa karibu 300, na waliougua walikuwa 20. Yaani katika kila watu 10 waliokunywa, karibu 6 waliugua. Kwa wasiokunywa, hawakufika 1. Kasisi alirudi kwenye nyumba zilezile mara kadhaa, na kila aliporudi baadhi ya waliosema “hatukunywa” walikumbuka kwamba, kumbe, mtoto aliletwa bilauri moja usiku. Hesabu ikazidi kumgeuka. Aliishia kuwa mtetezi mkubwa wa hoja aliyokuja kuivunja.

Bado kulikuwa na pengo. Kama maji yalichafuliwa na choo cha mgonjwa, mgonjwa wa kwanza ni nani? Kabla ya tarehe 31 Agosti hapakuwa na kifo cha kipindupindu karibu na kisima ambacho kingeweza kueleza mlipuko wa usiku mmoja. Mwanzoni mwa 1855, Whitehead akiwa anapekua daftari kwa sababu nyingine, jicho lake likaangukia ule mstari: namba 40, miezi mitano, kuhara, siku nne. Namba 40 ndiyo nyumba iliyopakana na pampu.

Ndoo ya mama

Mama wa mtoto, mke wa askari polisi aitwaye Lewis, alimweleza kasisi bila kificho. Mtoto alipoanza kuhara, alizilowesha nepi chafu kwenye ndoo, na sehemu ya maji hayo akayamwaga kwenye shimo la mbele ya nyumba.

Aprili 1855 mpima majengo Jehoshaphat York alifukua shimo hilo. Mfereji wake ulikuwa umeziba, matofali yamelegea kiasi kwamba yalinyanyuka bila kutumia nguvu, na udongo kati ya shimo na kisima ulikuwa umelowa uchafu. Umbali kati ya vitu hivyo viwili ulikuwa futi 2 na inchi 8. Ni sentimita 81. Mwongozo unaotumika leo katika kambi za dharura hudai angalau mita 30 kati ya choo cha shimo na chanzo cha maji ya ardhini.

Ningependa msomaji asimame hapa kidogo kabla ya kumlaumu mama. Alichofanya ndicho usafi ulivyomfundisha: nepi chafu haziachwi chumbani, zinaloweshwa, maji yake yanatolewa nje na kumwagwa mahali palipotengwa kwa maji machafu. Hakuyamwaga barabarani wala kisimani. Kwa upande wa ndani ya mlango wake, kila kitu kilifanywa sawasawa. Kosa lilikuwa la tofali na mfereji asivyoviona, katika nyumba ambayo yeye alikuwa mpangaji. Usafi wa chumba kimoja ukawa uchafu wa mtaa mzima, kwa sababu maji hayaishii pale tunapoacha kuyaona.

Jambo la pili ni lile la kichanga. Katika jamii nyingi kinyesi cha mtoto anayenyonya huhesabiwa kuwa hakina madhara: hakinuki sana, ni kidogo, mama anakishika kila siku. Karani alidhani hivyo, na ninashuku daktari wa familia pia. Kwa hali halisi, mtoto anayehara hutoa vimelea kama mtu mzima, na mara nyingi ndiye mtu pekee katika nyumba ambaye choo chake hakiishii chooni. Kinaishia kwenye nguo, beseni, mikono ya anayemhudumia, na maji ya kufulia. Halafu mikono hiyohiyo huchota maji ya kunywa.

Bakteria mwenyewe alikuwa ameshaonekana. Mwaka uleule wa 1854, Filippo Pacini wa Florence alimwona kwa hadubini na kumweleza, lakini ulimwengu wa tiba haukumsikiliza hadi Robert Koch alipomtambulisha upya miaka ya 1883 na 1884. Leo tunajua kwamba wengi wanaoambukizwa kipindupindu hawaonyeshi dalili kali, na bado vimelea hubaki katika choo chao kati ya siku 1 na 10. Kwa hiyo nyumba isiyo na mgonjwa inaweza kabisa kuwa chanzo.

Kile ambacho kisa hakithibitishi

Mpini wa pampu uliondolewa Ijumaa tarehe 8 Septemba, baada ya Snow kuzungumza na wakuu wa parokia jioni ya Alhamisi. Lakini tazama mfululizo wa walioshikwa na ugonjwa na kufa: 143 tarehe 1, 46 tarehe 4, 28 tarehe 7, 12 tarehe 8. Mlipuko ulikuwa ukishuka tayari. Watu wengi walikuwa wamekwisha kukimbia Soho. Snow mwenyewe alikiri kwamba hawezi kusema kama kisima bado kilikuwa na sumu siku kilipofungwa. Kwa hiyo anayesema kuondolewa kwa mpini kulimaliza mlipuko anasema zaidi ya Snow mwenyewe. Na kamati ya serikali iliyochunguza mlipuko iliikataa hoja ya maji, ikabaki na hewa.

Ushahidi ulioelemea zaidi ulitoka kusini mwa mto Thames. Kampuni mbili ziliuza maji katika mitaa ileile, hata nyumba zinazopakana. Moja, Lambeth, ilikuwa imehamisha mahali pa kuchotea maji mwaka 1852 na kwenda juu ya mto, mbali na taka za jiji. Nyingine, Southwark and Vauxhall, iliendelea kuchota palepale jijini. Katika wiki 7 za kwanza za mlipuko wa 1854, nyumba za kampuni hii ya pili zilipata vifo 315 kwa kila nyumba 10,000. Za Lambeth zilipata 37. Wapangaji wengi hawakujua hata wanatumia maji ya kampuni gani, maana bili alilipa mwenye nyumba. Snow aliwaomba maji kidogo na kuyapima chumvi yake, kwa kuwa ya Southwark and Vauxhall yalikuwa na chumvi karibu mara 40 ya yale mengine. Hebu fikiria: mtu anakunywa kitu kila siku na hajui kinatoka wapi, na kipimo cha mgeni ndicho kinamwambia.

Mnyororo ungekatwa wapi

Nikiwafanyisha wanafunzi kisa hiki, huwa siwaulizi nani aliyekosea. Nawaomba waoneshe kila mahali ambapo safari ya kimelea, kutoka kwa mtoto wa namba 40 hadi kinywani mwa jirani, ingeweza kukatika.

Mahali pa kwanza ni ndoo yenyewe. Maji yaliyoloweshwa nepi ya mtoto anayehara ni maji ya choo, yatiwe dawa ya klorini kabla ya kumwagwa, na mikono ya aliyeyashika ioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa chombo kingine. Mahali pa pili ni shimo. Hapo nyumba moja haina nguvu. Mfereji ulioziba na ukuta uliolegea ni jambo la mwenye jengo na mamlaka, na hakuna mafunzo ya kunawa mikono yatakayoziba matofali. Ninalisema kwa sababu kampeni nyingi za afya hupenda kumwelimisha mama na kumwacha mwenye mashimo.

Mahali pa tatu ni baina ya pampu na kikombe, na huku ndiko wataalamu wamejifunza mengi tangu wakati wa Snow. Maji yanaweza kutoka salama kwenye chanzo yakachafukia nyumbani. Kipindupindu kilipoingia Peru mwaka 1991, uchunguzi uliofanywa mji wa Trujillo ulionyesha kwamba walioko hatarini ni wanaokunywa maji yasiyochemshwa na wanaokunywa kutoka kwenye vyombo ambavyo watu hutumbukiza mikono. Chombo chenye mdomo mpana ni kisima kidogo cha nyumbani: kila anayetumbukiza kikombe huacha kitu. Chenye shingo nyembamba, kifuniko, na cha kumimina au chenye koki, hakimpi mtu nafasi ya kuweka mkono. Ni badiliko dogo na halihitaji mtu akumbuke chochote, ndiyo maana ninaliamini kuliko mabango.

Mahali pa nne ni kuyaua maji yenyewe, kama wasemavyo wahudumu wa afya, yaani kuua kilichomo. Kuchemsha hadi maji yatokote sawasawa huua vimelea vyote vinavyosumbua nyumbani, ila huchukua nishati, na maji yaliyopoa huchafuka tena yakirudishwa kwenye chombo kichafu. Klorini ina faida kwamba hubaki ndani ya maji na kuendelea kuyalinda. Lakini kwenye maji ya tope hupotea ikipambana na tope, hivyo yachujwe au yaachwe yatulie kwanza. Tena klorini ina mpaka wake: kimelea kiitwacho kriptosporidiamu huivumilia. Maji ya Broad Street, kwa kuwa yalikuwa maangavu, yangetibika kwa matone machache. Lakini nani angetia dawa kwenye maji yanayosifiwa kwa ladha?

Ndiyo sababu kipimo ninachokiamini si jicho. Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasionyeshe bakteria hata mmoja aina ya *E. coli* katika mililita 100. Bakteria huyo ni alama tu: akiwapo, kinyesi kimeingia mahali fulani. Hasemi kimeingilia wapi. Kwa hiyo hupimwa mara mbili, kwenye chanzo na kwenye kikombe cha nyumbani, na tofauti kati ya majibu hayo mawili ndiyo inayokuonyesha kama uende kwa fundi wa kisima au ukae na wenye nyumba.

Tarehe 8

Whitehead alipokuwa akimhoji mama wa namba 40, alipata jambo jingine ambalo hakulitafuta. Baada ya mtoto kufa tarehe 2, ndoo za nepi zilikoma, na kadiri siku zilivyopita maji ya kisima yalianza kujisafisha. Hiyo inaelezea kwa nini wagonjwa walipungua kabla mpini haujaguswa. Kisha baba wa mtoto, yule askari polisi, akaugua kipindupindu. Alilala siku 11 na kufa tarehe 19 Septemba. Siku hizo zote mke wake alikuwa na ndoo za kumwaga, nyingi kuliko za mtoto, na lile shimo la mbele ya nyumba lilikuwa palepale, sentimita 81 kutoka kwenye maji.

Siku aliyoshikwa ilikuwa Ijumaa, tarehe 8. Asubuhi hiyo watu waliokwenda na ndoo zao kwenye pampu ya Broad Street walikuta haina mpini.